Vali tatu za baiskeli: kuzitambua, kuzijaza upepo na kujua ipi inakufaa

Ukiona mtu anapampu baiskeli hadi jasho linamtoka na tairi bado limelala, usiharakishe kulaumu pampu. Mara nyingi kasoro iko pale pampu inapokutana na vali: kichwa hakikubana sawasawa, pini haikubonyezwa, kimpira kimegandana na chuma, au pampu ya vali moja imelazimishwa kwenye vali nyingine. Baiskeli zinazopita barabarani kwetu zina vali za aina tatu. Kila moja inafunguka kwa njia yake, inataka kichwa chake cha pampu, na ikiharibika inaharibika kwa namna yake.

Kuitambua kabla ya kushika pampu

Toa kifuniko uangalie mdomo wa vali.

Vali ya gari, ambayo kwenye vitabu vya ufundi huitwa Schrader, ni nene, kipenyo chake kama milimita 8, na unene wake ni mmoja kuanzia kwenye ringi hadi juu. Ndani ya mdomo utaona pini ndogo katikati. Ni ileile iliyo kwenye gari, pikipiki na toroli. Jina limetokana na August Schrader, Mjerumani aliyehamia New York, na hataza ya vali yenyewe ilitolewa Marekani mwaka 1893. Kwenye baiskeli utaikuta kwa wingi kwenye za milimani zenye matairi manene, za watoto, na nyingi za gia za bei ya kawaida.

Vali ya Kiingereza, inayoitwa pia Dunlop au Woods, ni nene chini kama ile ya gari, lakini juu inachomoza ncha nyembamba, na kati yake kuna nati yenye michirizi ya kushikia kwa vidole. Hii ndiyo vali ya baiskeli kubwa nyeusi za mizigo, zile Wakenya wanazoziita black mamba. Pia ndiyo vali ya baiskeli za mtumba za mjini kutoka Japani, zenye kikapu mbele, na nyingi zinazotoka Uholanzi. Ukinunua baiskeli ya mtumba, angalia vali mapema, maana tyubu ya kubadilishia utaitafuta kwa aina hiyo.

Vali ya Kifaransa, au Presta, ni nyembamba yote, milimita 6 tu, na juu kabisa ina kinati kidogo sana kilichofungwa kwenye pini. Ni ya baiskeli za mashindano na za matairi membamba. Baiskeli zilizokimbia mbio za dunia mjini Kigali mwaka 2025 ni za familia hii.

Ukienda dukani, boksi la tyubu huandikwa herufi: A/V ni vali ya gari, F/V ni ya Kifaransa, E/V au D/V ni ya Kiingereza. Ukiona S/V, fungua boksi. Herufi hizo watengenezaji wengine huzitumia kwa Schrader na wengine kwa Sclaverand, jina jingine la vali ya Kifaransa, na muuzaji hana cha kukusaidia hapo zaidi ya kukuonyesha tyubu yenyewe.

Vali ya gari: rahisi kuliko zote, ikiwa kichwa kina pini

Ndani ya shina, yaani mrija wa vali unaotokeza kwenye ringi, kuna kiini kinachofunguliwa na kufungwa kama skrubu. Kiini kina springi inayovuta pini juu na kuziba njia. Ili upepo upite kwa urahisi, kichwa cha pampu lazima kiwe na kijiti cha kubonyeza ile pini.

1. Toa kifuniko. Kama vali ina vumbi, bonyeza pini kwa ncha ya msumari kwa nukta moja ili upepo uliomo ufukuze mchanga. Ukiusukumia mchanga ndani, utakaa chini ya kimpira cha kiini na vali itavuja usiku kucha.
2. Hakikisha kitasa cha kichwa cha pampu kiko wazi, yaani hakijabana. Sukuma kichwa moja kwa moja hadi kifike mwisho. Utasikia upepo ukitoka kidogo. Hiyo ni dalili kwamba pini imeguswa.
3. Funga kitasa. Mluzi ukome. Mluzi ukiendelea, kichwa hakijaingia vya kutosha au mpira wake wa ndani umelika.
4. Pampu kwa mikupuo mirefu, kamili, kutoka juu hadi chini. Mikupuo mifupi ya haraka haraka inapasha pampu joto bila kuingiza kitu.
5. Fungua kitasa, vuta kichwa kwa mkupuo mmoja ulionyooka.

Sauti ya "pshh" wakati wa kuchomoa huwatia watu wasiwasi kwamba kazi yote imepotea. Sehemu kubwa ya upepo huo ni ule uliokuwa ndani ya mpira wa pampu. Tairi hupoteza kidogo tu, kwa muda ule pini bado imebonyezwa, ndiyo maana kuchomoa taratibu kwa kutikisatikisa ni kosa.

Pampu yako ikiwa na kichwa cha matundu mawili, tundu kubwa ndilo la vali ya gari. Ikiwa na tundu moja, mara nyingi ndani kuna kipande cha mpira na kimoja cha plastiki vinavyogeuzwa: upande mmoja kwa vali nene, upande wa pili kwa nyembamba. Fungua kofia ya kichwa, toa vyote viwili, vigeuze pamoja, rudisha. Watu wengi wanatupa pampu nzima ambayo ilihitaji kugeuziwa mpira tu.

Mpini wa pampu ukipanda wenyewe kila unapouachia, tairi linausukuma: pini imebonyezwa, na vali ndogo ya kuzuia iliyo chini ya pampu imechoka au ina uchafu. Fungua chini, isafishe, irudishe.

Ubora mkubwa wa vali hii ni kituo cha mafuta na fundi wa bodaboda. Lakini kompresa ni ya kutumia kwa adabu. Tyubu ya baiskeli ina nafasi ndogo mno ukilinganisha na ya gari, na sekunde chache zinatosha kuipasua. Mwambie anayeshika mpira abonyeze kwa sekunde moja, aache, mpime kwa kidole au geji, kisha tena. Tyubu ikiwa imetoka kubadilishwa, jaza nusu kwanza, zungusha gurudumu uone kama mstari wa pembeni ya tairi uko sawa pande zote na hakuna tyubu inayochungulia, ndipo umalizie. Zile mashine za kujipima zenyewe, unazoandika namba kisha zinajaza, hazielewani na tairi dogo: nyingine zinakataa kuanza kabisa, nyingine zinapitiliza.

Vali ya Kiingereza: kila kitu kiko kwenye kimpira

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo wengi wanapotumia nguvu bure.

Fungua nati yenye michirizi, chomoa kiini. Utaona kipande cha chuma kilicho wazi katikati, chembamba upande wa ndani, chenye tundu dogo ubavuni. Juu ya sehemu hiyo nyembamba kumevalishwa kimpira laini kama mrija, kinachofunika tundu. Ukipampu, upepo unashuka ndani ya chuma, unatokea kwenye tundu, unainua kimpira na kupenya. Ukiacha, upepo wa ndani ya tyubu unakikandamiza kimpira juu ya tundu na njia inafungwa. Hakuna springi, hakuna pini.

Kwa hiyo kila mkupuo lazima ushinde vitu viwili: upepo uliomo tayari ndani ya tyubu, na mkazo wa kimpira chenyewe. Ndiyo sababu vali hii inahisi nzito hata tairi likiwa karibu tupu. Pia ndiyo sababu geji haisemi kweli: inaonyesha nguvu ya kufungua kimpira, haionyeshi kilichomo ndani.

Kujaza:

1. Kaza nati ya juu kwa vidole kabla ya kuanza. Ikilegea, upepo unatoka pembeni ya kiini.
2. Kama pampu ni ya mkono yenye kimpira kifupi cha kuskurubu, skurubu kwenye ncha nyembamba hadi ikaze. Kama ni pampu ya kusimama yenye kibanio, pachika mdomo wa mpira kwenye ncha, kisha achia kibanio kishike chini ya mdomo. Kichwa cha vali ya Kifaransa nacho kinaingia hapa, kwa kuwa ncha hizi mbili zinakaribiana unene.
3. Mkupuo wa kwanza usukume kwa nguvu na bila kusita. Kimpira kilichokaa siku nyingi huwa kimegandana na chuma, na kinaachia kwa mara moja. Baada ya hapo endelea kawaida.
4. Chomoa tu. Vali inajifunga yenyewe, hakuna cha kuharakisha.

Mkupuo wa kwanza ukigoma kabisa, usiongeze uzito wa mwili. Chomoa kiini. Kimpira kikiwa kimenata, kizungushe kwa vidole hadi kiachie, kilowanishe kwa maji au mate, rudisha. Kikiwa kimepasuka, kina nyufa, au kimekuwa laini kama ubani, weka kipya.

Kuweka kimpira kipya:

1. Toa upepo wote. Legeza nati ya juu taratibu huku umeweka dole gumba juu yake. Tairi likiwa limejaa, kiini kinaweza kuruka kama risasi na kupotelea kwenye majani.
2. Vua kimpira cha zamani, futa chuma kwa kitambaa. Angalia lile tundu la ubavuni. Ukiona vipande vya mpira uliooza vimeliziba, vitoe kwa sindano.
3. Kata kipande kipya cha sentimita 2.5 hadi 3. Mkato uwe ulionyooka, si mshazari.
4. Lowanisha kwa maji au mate. Usiguse mafuta, grisi wala mafuta ya taa: mpira wa asili unavimba na kuoza ndani ya muda mfupi.
5. Kivalishe kwa kukisokota, kipande kidogo kidogo, hadi kipite tundu na kifike kwenye bega la kiini, pale chuma kinaponenepa. Sehemu hii ya juu ndiyo inayofanya kazi ya wosha. Ikiishia chini ya bega, vali itavuja kwenye nati hata ukikaza namna gani.
6. Ingiza kiini kwenye shina. Kina kimeno kinachoingia kwenye mfereji; kikikaa sawa hakitazunguka. Funga nati kwa vidole, usitumie koleo, kwani utakikata kimpira kwenye bega.
7. Jaza upepo, weka tone la mate juu ya ncha na jingine kuzunguka nati. Povu kwenye ncha ni kimpira. Povu kwenye nati ni bega au nati.

Vimpira hivi huuzwa kwa kipande kirefu kwa wauza spea, na bei yake ni ndogo mno kiasi kwamba hakuna sababu ya kutembea bila sentimita 10 za akiba kwenye kimfuko cha chini ya siti. Viweke kwenye karatasi au nailoni, mbali na jua. Joto ndilo adui wake mkubwa.

Kipo pia kiini cha kisasa cha vali hiihii, chenye gololi ndogo ndani badala ya kimpira. Kinaingia kwenye shina lilelile, kinafungwa na nati ileile, na pampu inakwenda nyepesi zaidi. Ukikipata dukani, nunua viwili na uachane na vimpira kwenye baiskeli ya kila siku. Kasoro yake moja: mchanga ukiingia, gololi haikai vizuri na inavuja. Kichomoe, kikorogee kwenye maji safi, kipulize, kirudishe.

Vali ya Kifaransa: nyepesi kujaza, nyepesi kuvunja

Vali hii haina springi. Kinachoifunga ni upepo wa ndani, na kile kinati kidogo cha juu ni kufuli tu ya kuizuia isifunguke kwa kutikisika. Kichwa cha pampu hakihitaji kubonyeza chochote, na kwa shinikizo kubwa inakwenda vizuri kuliko zote.

1. Toa kifuniko. Fungua kinati kwa kuzungusha kinyume cha saa hadi kigote. Hakitoki, mwisho wa pini umepondwa kwa makusudi.
2. Bonyeza pini kwa kidole mara moja, upepo utoke "ps" fupi. Bila hatua hii, vali iliyokaa muda inaweza kuwa imenata na mkupuo wa kwanza utagonga ukuta.
3. Sukuma kichwa kikiwa kimenyooka na shina. Kishike sehemu ya shina, lakini kisiingie hadi mwisho kwa nguvu: kikigota kinaweza kuibonyeza pini na upepo ukarudi.
4. Funga kitasa ukiwa umeshika gurudumu kwa mkono wa pili, ili nguvu ya kitasa isiende kwenye shina.
5. Pampu. Geji ya pampu itasoma sifuri hadi mkupuo wa kwanza ufungue vali. Huo si ubovu.
6. Fungua kitasa, vuta kwa kunyoosha, funga kinati kwa vidole viwili.

Kinachovunjika ni ile pini. Inapinda pale mtu anapotumia pampu ndogo ya mkono inayokaa moja kwa moja juu ya vali, kisha mkono wa kusukuma unayumba. Zungusha gurudumu hadi vali iwe pahali unapoweza kukumbatia kichwa cha pampu kwa kiganja huku vidole vikishika spoki. Kiganja ndicho kibebe nguvu, si shina. Afadhali zaidi pampu ndogo yenye mpira mfupi wa kunyumbulika.

Pini iliyopinda kidogo unaweza kuinyoosha kwa vidole, kinati kikiwa kimefunguliwa, mara moja tu. Ikikatika, upepo uliomo hautoki, kwa sababu shinikizo linaishikilia vali, lakini hutaweza kuifunga wala kuipima. Nenda nayo nyumbani ubadilishe.

Vali nyingi za aina hii zina kiini kinachotoka: utaona pande mbili bapa karibu na juu. Hapa kuna mtego kwa wenye pampu ya mpira wa kuskurubu. Ukifungua mpira wa pampu, kiini nacho kinafunguka na kutoka, na tairi lote linalala mbele ya macho yako. Kabla ya kuanza, shika zile pande bapa kwa koleo ndogo na ukaze kidogo sana, robo ya mzunguko baada ya kugota. Ukizidisha, utavunja uzi wa skrubu.

Kituo cha mafuta hakina kichwa cha vali hii. Dawa yake ni adapta ya shaba, kipande kidogo kinachoskurubiwa juu ya ncha na kuigeuza iwe na mdomo wa vali ya gari. Fungua kinati kwanza, kisha skurubu adapta, kisha jaza. Adapta ina kipete cha mpira ndani. Kikidondoka, itavuja na utadhani vali ndiyo mbovu. Wenye hekima wanaiacha imefungwa kwenye gurudumu la mbele badala ya kifuniko.

Unene wa pampu na uzito wa mkono

Watu husema "pampu hii ni nzito" kana kwamba ni bahati mbaya. Ni hesabu. Nguvu unayoitoa ni shinikizo mara eneo la silinda. Silinda ya kipenyo cha milimita 40 kwenye psi 60 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo) inataka uisukume kwa uzito wa kama kilo 53, ambao mtu mzima anaufikia kwa kuegemea. Silinda hiyohiyo kwenye psi 100 ingetaka karibu kilo 88. Wengi wataishia kuning'inia juu ya mpini. Punguza kipenyo hadi milimita 30 na kwenye psi 60 unahitaji kama kilo 30, kwenye psi 100 kama kilo 50. Pampu nyembamba ya milimita 20 kwenye psi 100 inataka kilo 22 tu, ila inaingiza upepo kidogo kwa kila mkupuo.

Kwa hiyo baiskeli ya mizigo na ya milimani zinafurahia pampu nene, tairi la mashindano linataka nyembamba na ndefu. Kumpa mwenye tairi jembamba la mashindano, la 700×25, pampu nene ya gereji ni kumtesa, hata vali ikiwa nzuri namna gani.

Pampu za chuma za kizamani zina wosha ya ngozi kwenye pistoni. Ngozi ikikauka inajikunja, haigusi ukuta wa silinda, na mpini unashuka bila upinzani. Fungua kofia ya juu, toa pistoni, ipake ngozi mafuta ya mashine matone matatu au manne, iminye kwa vidole hadi ilainike, tanua kingo zake, rudisha. Mafuta yasizidi: yatapita kwenye mpira wa pampu, yafike kwenye kimpira cha vali ya Kiingereza, na ule uozo uliotajwa juu utaanza.

Kiasi gani kinatosha

Soma ubavuni mwa tairi. Kuna kiwango cha juu, na mara nyingi cha chini pia. Huo ndio mpaka. Ndani ya mpaka huo, vipimo hivi vinafaa kuanzia, kwa psi (baa 1 ni psi 14.5):

Baiskeli kubwa ya 28×1½: mbele 40 hadi 45, nyuma 50 hadi 60 ikibeba mzigo, kama tairi linaruhusu.
Ya milimani ya 26×1.95 hadi 2.125: 35 hadi 50 kwa lami na murramu.
Ya 700×32 hadi 35: 55 hadi 70.
Ya 700×25: 80 hadi 100.
Ya mtoto, inchi 16 hadi 20: 30 hadi 35.

Mwenye vali ya Kiingereza, ambaye geji haimsaidii, apime kwa macho: mtu akae juu ya siti pamoja na mzigo wa kawaida, mwingine atazame tairi la nyuma pale linapogusa ardhi. Livimbe kidogo tu pembeni. Likilala hadi ubavu unakaribia kugusa chini, ringi itabana tyubu kwenye shimo la kwanza na kuacha matundu mawili yaliyokaa sambamba. Fundi akiyaona matundu hayo anajua bila kuuliza kwamba upepo ulikuwa mdogo, wala hakuna haja ya kutafuta mwiba.

Baiskeli ikiachwa juani saa za mchana, upepo unapanda wenyewe: tairi lililojazwa psi 58 asubuhi kwenye nyuzi 25 litafika kama 65 likipata joto la nyuzi 55. Ukijaza asubuhi hadi ukingo wa juu kabisa, acha baiskeli kivulini.

Vali au tyubu? Kujua panapovuja

Usivue tairi kabla ya kuhoji vali. Zungusha gurudumu hadi vali iwe chini, mdomo wake ukitazama juu, weka mate au maji ya sabuni mdomoni mwa vali, subiri nusu dakika. Povu dogo linalopanda polepole ni kiini.

Kwa vali ya gari, kaza kiini kwa kifuniko chenye mdomo uliopasuliwa, kile cha chuma chenye ncha mbili. Kikishagota, ongeza robo ya mzunguko. Kikiendelea kuvuja, kitoe, kisafishe au weka kingine. Viini vya pikipiki na vya gari vinaingia bila tatizo, na fundi wa bodaboda ana kopo la viini vya zamani.

Mate yakitulia lakini tairi linalala, sasa angalia shina. Likiwa limeegama badala ya kusimama wima, tairi limeteleza juu ya ringi na kuiburuta tyubu. Hutokea upepo ukiwa mdogo na breki zikishikwa kwa nguvu, au mzigo ukiwa mkubwa. Ukiendelea hivyo, tyubu itachanika kwenye kitako cha shina, na hapo hakuna kiraka kinachoshika. Toa upepo wote, vuta tairi pamoja na tyubu kurudi nyuma kwa mikono hadi shina lisimame, jaza tena kwa kiwango sahihi.

Nati ya chini, ile inayokaa kwenye ringi, isikazwe kwa spana. Iache imelegea hadi tairi lijae, ndipo uishushe kwa vidole iguse ringi tu. Nati iliyokazwa kabla ya kujaza inavuta shina na kuchana kitako chake.

Ukiwa umetia maji ya kuziba pancha ndani ya tyubu, kabla ya kujaza zungusha vali iwe juu na usubiri dakika mbili maji yashuke. Vinginevyo yatapanda kwenye kiini, yatakauka humo, na vali itaziba.

Kubadili aina ya vali

Tundu la ringi ndilo linaloamua. La vali ya gari na ya Kiingereza ni milimita 8.5, la Kifaransa ni 6.5. Kati ya vali mbili nene, hamia upande wowote bila kugusa ringi, ila chagua tyubu yenye ukubwa sahihi wa gurudumu. Mwenye baiskeli ya mizigo aliyechoka na vimpira anaweza kununua tyubu yenye vali ya gari akaipachika leo.

Kuweka tyubu ya Kifaransa kwenye tundu kubwa kunawezekana, lakini weka kipete cha kujazia tundu, cha mpira au plastiki. Bila hicho, tyubu inavimba kupitia nafasi iliyobaki na kupasuka kwenye kitako cha shina.

Kinyume chake, kupanua tundu la 6.5 kwa drili hadi 8.5, ni kazi ya ringi pana peke yake. Ringi nyembamba ya mashindano inadhoofika, na shina nene linazuia kingo za tairi kukaa sawa. Ringi ikiwa pana ukaamua kutoboa, sugua kingo za tundu kwa tupa ndogo kisha msasa, pande zote mbili. Kibanzi kimoja cha aluminiamu kinatosha kukata shina ndani ya siku moja.

Ipi kwa nani

Kwa baiskeli ya kazi, inayobeba maziwa, mkaa au abiria, chagua vali ya gari. Upepo utaupata kila penye pikipiki, kiini kinapatikana popote, geji inasema kweli. Vali ya Kiingereza haina ubaya wowote kwa anayeishi mbali na barabara kuu na ana pampu yake nyumbani: haimwagi upepo ukichomoa pampu, na inatengenezeka kwa kipande cha mpira njiani. Ubaya wake ni kwa anayetegemea pampu ya mwenzake. Ya Kifaransa ichukue tu kama ringi ni nyembamba au unakimbiza; usiinunue kwa kuwa inaonekana ya kisasa.

Kwenye mfuko wa siti weka kulingana na vali yako. Ya gari: kiini kimoja cha akiba na kifuniko cha chuma chenye ncha mbili. Ya Kiingereza: kimpira sentimita 10, wembe uliofungwa kwenye karatasi, na nati ya juu ya akiba, kwa sababu ikidondoka kwenye mchanga jioni huioni tena. Ya Kifaransa: adapta ya shaba na kiini kimoja. Kwa wote, tyubu nzima iliyokunjwa na kupakwa poda kidogo, ifungwe ndani ya soksi kuukuu ili vyuma vya mfukoni visiitoboe kabla haijafanya kazi.